Usiwahimize Kusamehe Kabla Hujalia Nao

Nairobi

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba mama anaendelea vizuri na ameanza tena kwenda ushirika wa Alhamisi. Mpe salamu zangu nyingi.

Umeniuliza uwaambie nini vijana katika ibada ya kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya Juni 25, 2024. Unasema wazee wamependekeza mahubiri ya amani na msamaha, na wewe moyo unasita. Usiunyamazishe moyo huo, rafiki yangu.

Msamaha ni agizo la Bwana, nami siwezi kulipunguza. Lakini anayesamehe ni aliyekosewa. Mimi na wewe hatukuzika mtoto. Tukisimama madhabahuni tukamhimiza mama wa marehemu asamehe, na aliyefyatua risasi hajatajwa, hajashtakiwa wala hajaomba radhi, tunamwongezea mzigo tuliopaswa kumsaidia kuubeba. Yeremia aliwajua watu wa namna hiyo: "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani." Soma sura ile ya 6 yote kabla ya Jumapili.

Wale vijana walitoka kupinga Mswada wa Fedha ambao mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe kodi. Siku moja baada ya risasi kupigwa nje ya Bunge, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kwa hiyo walichokuwa wakidai kilionekana kina maana, lakini baadhi yao walikuwa tayari mochari. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule, mbali na waliotekwa nyara. Kila mmoja wao alikuwa na kwao, na wengi wao walikuwa na kanisa.

Ukitaka andiko la siku hiyo, ningekuomba uwasomee 2 Samweli 21. Huwa tunairuka sura hiyo. Rispa, binti Aya, wanawe wawili wameuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli, na miili imeachwa mlimani. Anatandika gunia juu ya mwamba na kukaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua inyeshe, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hatuambiwi kwamba alisema neno hata moja. Lakini habari zake zilimfikia Mfalme Daudi, na ndipo alipokwenda kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya wale waliouawa ikakusanywa. Na andiko linasema baada ya hayo Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi akasikia. Mimi naona uzito mkubwa katika mfuatano huo: maombi ya taifa yalijibiwa baada ya wafu kupewa heshima yao.

Nchi yetu imewahi kuwa na akina Rispa wake. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Monica Wamwere akiwa mmoja wao, walianza kufunga chakula pale Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi wakaja na rungu na vitoa machozi. Baadhi ya mama wale walivua nguo mbele ya askari, na wewe unajua laana iliyomo katika tendo hilo. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Halafu Kanisa Kuu la All Saints likawapa hifadhi, nao wakakaa pale takriban mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Nikifikiria kanisa lenye huruma, nafikiria chumba kile cha chini ya kanisa walimohifadhiwa, na mama waliolala humo wakisubiri.

Ndiyo maana nilimshukuru Mungu Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki alipoagiza pesa alizotoa Rais katika parokia ya Soweto hapa Nairobi zirudishwe. Ni vigumu kumkemea mtu ambaye jina lake liko kwenye bahasha ya mchango.

Umeuliza pia kuhusu askari, kwa kuwa mnao wawili katika kwaya. Wasifukuzwe, wala wasizomewe. Wapendwe kama Yohana Mbatizaji alivyowapenda askari waliomjia mtoni: aliwaambia wasidhulumu mtu wala wasishitaki kwa uongo. Mtu akiwa na jambo analolijua, asaidiwe kwenda kulisema mahali panapohusika, hata kama litamgharimu kazi. Na yule jirani yenu ambaye duka lake lilivunjwa na wezi siku ile, mwombeeni kwa jina. Naye aliumizwa, na wanaodai haki hawapungukiwi na kitu wakilisema hilo.

Basi ushauri wangu ni huu. Kabla ya ibada, nendeni nyumbani kwa familia ya yule kijana wa mtaa wenu aliyeuawa. Msiende na kamera wala fulana. Muulizeni mama yake kama angependa jina la mwanawe lisomwe, na akikataa, msilisome. Muulizeni kesi imefika wapi. Kesi za namna hii huahirishwa mara nyingi, na mzazi husafiri peke yake, akae kwenye benchi, kisha aambiwe arudi mwezi mwingine. Umoja wa akina mama mkigawana zamu, kila tarehe wawili wakamsindikiza na kulipa nauli, mtakuwa mmehubiri. Vijana nao watawasikiliza mkisema habari za Kristo. Kuhusu msamaha, akitaka kuuzungumzia ataanza mwenyewe.

Niandikie tarehe ya kesi ukiipata. Ikiangukia wiki ambayo niko likizo, nitapanda matatu ya alfajiri nije tuketi naye.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako