Wito kwa mashirika yote ya parokia: tununue mashine ya kupima pumzi

Baba na mama, vijana, na ninyi wana wa Goma mlio mbali,

Upepo ukiuleta mjini moshi wa salfa wa volkano ya Nyiragongo, benchi la kituo chetu cha afya linajaa watoto wanaolia filimbi kifuani. Ongeza moshi wa makala na vumbi la barabarani. Muuguzi anasikiliza kifua, kisha anakisia. Mwenye pumu anarudi nyumbani na antibiotiki, ambazo hazitibu pumu. Inatuuma, kwa sababu daktari Mwingereza John Hutchinson alishaonyesha spirometa yake, yaani mashine ya kupima pumzi, mwaka 1846.

Unavuta pumzi mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu bila kukatisha, mtu mzima sekunde 6 hivi. Mashine inalinganisha hewa ya sekunde ya kwanza na hewa yote iliyotoka. Njia za hewa zikibana, ile ya kwanza inapungua. Kisha unapewa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, unangoja dakika 15, unapuliza tena. Kwa mtu mzima, ongezeko la asilimia 12 pamoja na mililita 200 ni dalili nzito ya pumu. Anayeshukiwa kifua kikuu atapimwa makohozi kwanza, ili asiambukize wengine.

Tunahitaji dola 2,600: mashine, vichujio, mafunzo ya wauguzi wawili, na bomba la lita 3. Hilo bomba wengi wameliulizia. Kila asubuhi muuguzi atalitumia kusukuma lita 3 kamili za hewa ndani ya mashine. Ikisoma vingine, hapimwi mtu siku hiyo mpaka irekebishwe. Tusikubali kuliondoa ili kuokoa pesa, maana namba isiyohakikiwa ni kukisia kulekule.

Kuna jambo lingine. Viwango vya kimataifa vya kulinganishia vipimo vya mapafu vilivyotolewa mwaka 2012 havikuwa na vipimo vya kutosha vya Waafrika wa kusini mwa Sahara. Mzazi akikubali, vipimo vya mtoto wake vitahifadhiwa bila jina kwa ajili ya watafiti. Asiyekubali, mtoto wake atapimwa vilevile.

Mama wauza makala wametangulia kutoa. Vumbi la makala wanalijua kuliko sisi. Hata franka 1,000 tunaipokea. Mpe mweka hazina wa shirika lako, udai risiti. Hesabu itasomwa kila Jumapili baada ya misa na kubandikwa mlangoni.

Komite ya afya ya parokia