Samaki wa Kimeksiko asilazwe kwenye ndimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nirekebishe jambo moja lililoandikwa katika ukurasa wa mapishi, pale mlipoeleza namna ya kupika samaki mweupe kwa mtindo wa Meksiko. Mimi ni miongoni mwa wasomaji waliokikata kile kipande cha gazeti na kukibandika ukutani jikoni, na ndiyo maana ninaandika, kwa kuwa agizo la kumlaza samaki katika maji ya ndimu usiku kucha liliniharibia chakula nilichowaandalia wakwe zangu.

Nilinunua kilo moja na nusu ya minofu ya sangara katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, nikaikamulia ndimu sita kama mlivyoelekeza, nikaiweka kwenye friji. Kulipokucha minofu ilikuwa imepoteza ung'avu wake na kuwa myeupe pee, utadhani imekwisha kuchemshwa, na jioni nilipoitia kikaangoni ilimeguka ovyo hata mwiko ukawa unakoroga kitu kilichofanana na mtori. Mama mkwe, kwa staha yake, alisema supu ni nzuri.

Asidi ya ndimu hukaza protini ya samaki karibu sawa na moto, na ikiachwa muda mrefu mnofu hupoteza maji yake na kuchanguka. Wameksiko wenyewe huitumia nguvu hiyo makusudi katika seviche, ambayo ni samaki mbichi aliyekatwa vipande vidogo, akatiwa ndimu na kuliwa bila kupikwa. Lakini hilo nisingependa liigwe huku kwetu kwa sangara wala kwa perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa sababu ndimu haiui vimelea wote. Kwa samaki atakayepikwa, dakika 15 hadi 20 zinatosha kabisa.

Mliagiza pia mchuzi wa chupa kutoka supamaketi, nami sikuona ulazima wake. Samaki wa mtindo wa Veracruz, mji wa bandari ulioko pwani ya mashariki ya Meksiko, hupikwa kwa nyanya, kitunguu, kitunguu saumu na pilipili, kisha huongezwa zeituni ambazo zilifika huko na Wahispania. Nyanya na pilipili zilikuwa za kwao kabla hazijatufikia sisi, na leo zimejaa kwenye matenga ya Mbuyuni. Katika jaribio langu la pili nilikaanga kitunguu mpaka kikalainika, nikatia vitunguu saumu na nyanya saba zilizoiva sana, nikaacha mchuzi uchemke mpaka mafuta yakaelea juu, ndipo nikailaza minofu humo pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, nikafunika kwa moto mdogo kwa dakika kama kumi. Sangara huwa ameiva pale mnofu unapoachana kwa uma bila kulazimishwa. Vile vitumba vya maua vilivyohifadhiwa kwenye siki (kepa) ambavyo watu wa Veracruz huweka sikuvipata, nikatumia achari ya ndimu iliyosuuzwa, kijiko kimoja tu, na sijutii.

Kuhusu chapati za mahindi mlizopendekeza, sembe yetu haishikamani hata uikande vipi, kwa kuwa Wameksiko huchemsha kwanza mahindi kwa maji ya chokaa ndipo wayasage. Wali mweupe unafaa zaidi, na huko Veracruz nako samaki huyu huliwa kwa wali. Pembeni weka parachichi na kotimiri.

Ninaomba toleo lijalo lichapishe masahihisho ya muda wa ndimu, tena kwa herufi zinazoonekana. Wakwe zangu wamekwisha kuniarifu kwamba watakuja tena sikukuu ya Pasaka.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi