Mbegu za mboga zikauke kwanza, ndipo zifungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye bustani za nyumbani hapa Mwanza. Miezi hii ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo tunayovuna mbegu za mchicha, mgagani, mnavu, nyanya chungu, bamia na kunde, na ifikapo Oktoba wengi wetu tutazipanda, zitagoma kuota, nasi tutalaumu udongo au mvua ilhali mbegu zilikwisha kufa ndani ya kopo.

Mbegu ni kitu hai kinachopumua polepole, na kinachoiua upesi ni unyevu ukiandamana na joto. Kanuni ya mtaalamu James Harrington, ambayo bado hutumiwa na wahifadhi wa mbegu, inasema kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, muda wake wa kuhifadhika huongezeka karibu mara mbili, na hivyo hivyo kila joto la mahali ilipo linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi. Ghala la dunia la mbegu lililofunguliwa mwaka 2008 huko Svalbard, Norwe, huhifadhi mbegu zilizokaushwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo wengi wetu hatuna majumbani, lakini ukavu tunaweza kuupata.

Shida yetu sisi wa kando ya Ziwa Viktoria ni hewa. Mbegu hufyonza unyevu wa hewa iliyoizunguka mpaka zilingane, kwa hiyo mbegu iliyoanikwa mchana kutwa kwenye ungo, kisha ikaachwa nje usiku, alfajiri huwa imerudisha sehemu kubwa ya unyevu ilioupoteza. Ukiifunga hivyo kwenye mfuko wa plastiki, umeufungia unyevu humo humo na ukungu hautakawia. Watu wa Usukuma tumezoea kukausha michembe (vipande vya viazi vitamu) na nsansa (mboga za majani) vikakaa hadi msimu mwingine, lakini mbegu inahitaji uangalifu zaidi, kwa maana haitakiwi kuliwa, inatakiwa kuota.

Mbegu za nyanya zikae na majimaji yake siku mbili au tatu hadi ule utelezi uachie, kisha zioshwe na zianikwe. Zote zianikwe kivulini penye upepo, zisiwekwe juu ya bati, kwa kuwa joto la bati la mchana huunguza kiini, na ziingizwe ndani kabla jua halijazama. Baada ya hapo, na hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, kaanga mchele mkavu bila mafuta hadi ubadilike rangi, uache upoe ndani ya chombo kilichofunikwa, kisha uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana pamoja na mbegu zilizofungwa katika kitambaa chepesi, mchele ukiwa na uzito mara mbili ya mbegu. Baada ya wiki mbili mchele utakuwa umevuta unyevu. Toa mchele, na mbegu uzihamishie mara moja kwenye chupa nyingine kavu. Mbegu ya boga iliyokauka vizuri huvunjika ukiikunja, na kunde ikigongwa kwa nyundo hupasuka vipande badala ya kubonyea.

Chupa iandikwe aina ya mboga na mwaka, iwekwe mahali pa giza na chini, chini ya kitanda kwa mfano, si juu ya kabati karibu na paa. Mwenye friji aitumie, ila akiitoa chupa aiache imefungwa mpaka ipoteze ubaridi, vinginevyo matone ya maji yatajikusanya juu ya mbegu. Kunde zilizokwisha kukauka, zikikaa siku kadhaa kwenye friza, fukusi na mayai yao hufa.

Hata hivyo mbegu hazidumu sawa. Vitunguu hupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili, bamia na pilipili hoho hukaa kama miwili, nyanya na matango hufika minne au zaidi. Kabla ya kupanda, funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevunyevu kwa siku 7 hadi 10. Zikiota 10, panda mara mbili ya kawaida. Mbegu za chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili, sishauri kuzihifadhi kutoka kwenye tunda lako, kwa sababu kizazi kinachofuata hakifanani na mama yake.

Kuna jambo la wauzaji pia. Karoti na kabichi huhitaji baridi ili zitoe maua, kwa hiyo mbegu zake hatuna budi kununua, na inauma kuona pakiti zimetundikwa juani mlangoni mwa duka tangu asubuhi, au mbegu za vitunguu zikipimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi bila tarehe yoyote. Nawasihi waziweke ndani, kivulini, na wamwonyeshe mnunuzi tarehe ya kopo. Maafisa ugani wa kata za wilaya za Nyamagana na Ilemela nao nawaomba wakifika kwenye vikundi vya bustani waionyeshe hatua ya mchele kwa vitendo, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

Msomaji wako,
Buhongwa, Mwanza