Kampuni za bandari zisitegemee wakili mmoja wa nje

Mhariri,

Tangu Oktoba 22, 2023, iliposainiwa mikataba ya kuikabidhi kampuni ya DP World ya Dubai uendeshaji wa gati namba 4 hadi 7 za Bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30, mjadala umehusu zaidi mapato, mitambo na siku ambazo meli hukaa nangani. Naomba nafasi nizungumzie namna kampuni binafsi za bandarini zinavyowatumia mawakili wa nje, yaani wale wasio waajiriwa wa kampuni. Taasisi za umma siziingizi humu, kwa kuwa tangu 2018 mashauri yao yako chini ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali.

Niliwahi kuwa ofisa sheria wa kampuni moja ya kuhudumia shehena. Ijumaa moja jioni, winchi zikiendelea kupakua makontena, dalali wa mahakama alipanda melini na kubandika kwenye kioo cha chumba cha nahodha amri ya kuishikilia meli hiyo kwa deni la mafuta. Msimamizi wa zamu alinipigia akiuliza jambo moja tu: tuendelee kupakua au tusimame? Amri ilitaja meli, haikutaja shehena, ambayo ilikuwa mali ya wafanyabiashara wasiohusika na deni lile, lakini sikuthubutu kujibu peke yangu. Nikaipigia kampuni ya uwakili tuliyokuwa tukiilipa kila mwezi, simu ikaita mpaka ikakatika. Jumatatu mchana tukaambiwa kuwa anayezijua sheria za meli alikuwa na kesi mkoani. Winchi zilisimama siku tatu, na ada ya mwezi huo tuliilipa yote.

Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu tulimkabidhi mtu mmoja kazi zisizofanana. Leo mfanyakazi aliyeachishwa kazi amekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kesho mwenye mzigo wa Lubumbashi anapinga tozo za kuhifadhi kontena lake. Na mgogoro ukiugusa mkataba wenyewe wa uendeshaji, shauri linaweza kuvuka bahari, kama lilivyovuka la gati la makontena la Doraleh, nchini Djibouti, lililokuwa likiendeshwa na DP World, ambapo mwaka 2019 baraza la usuluhishi la London liliiamuru Djibouti kulipa dola milioni 385 pamoja na riba.

Napendekeza kampuni iwe na mawakili watatu au wanne, kila mmoja kwa fani yake, waitwe kazi inapotokea na walipwe kwa kazi hiyo. Ada ya kudumu, tena ndogo, abaki nayo wakili wa masuala ya meli, naye akubali kwa maandishi kupokea simu usiku na siku za sikukuu. Hata yeye awe na wa kumpokea, kwani wanaoibobea fani hiyo nchini si wengi, na unayemtegemea unaweza kumkuta tayari anamtetea mwenye meli.

Wapo wanaosema wakili wa kudumu ndiye anayeijua kampuni. Mimi naona ujuzi huo unapaswa kukaa kwa ofisa sheria wa ndani na katika majalada yake, ili yeyote atakayeitwa aelezwe shauri kwa nusu saa na kuanza kazi.

Kabla ya kuhuisha mkataba wa wakili, naziomba bodi za kampuni hizi ziwaite wasimamizi wa zamu za usiku, ziwaulize mara ya mwisho walipompigia ilichukua saa ngapi kupata jibu.

Ofisa sheria mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam