Diwani wa Lamu asinawe mikono raia anapokamatwa

Kwa Mhariri,

Mkutano ukitawanywa au kijana akilala korokoroni, jibu linalosikika mara nyingi kwa madiwani ni kwamba polisi ni wa serikali kuu na kaunti haina neno. Nusu ya jibu hilo ni kweli, kwani mkuu wa kituo cha polisi (OCS) hapokei amri kutoka kwa gavana wala bunge la kaunti. Lakini uwanja wa mkutano ni wa nani, na kanuni za kelele ni za nani? Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti udhibiti wa kelele, fuo, bustani na sehemu za burudani. Kwa hivyo mkutano wa pale uwanja wa Mkunguni mjini Lamu unaweza kuzimwa na karani wa kaunti kabla polisi hajavaa kofia. Atadai ada ambayo haimo katika Sheria ya Fedha ya kaunti, au ghafla uwanja utahitaji ukarabati siku ile ile. Karani huyo, na askari wa kaunti anayemtuma, ndio walio mikononi mwa diwani moja kwa moja. Apitishe sheria kwamba mkutano wa amani haulipishwi uwanja, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi.

Kuhusu polisi, Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka ilani tu. Haitaki kibali. Ilani hufikishwa kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Huandikwa jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali au njia itakayopitwa, na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Sababu ambayo sheria hiyo inaitaja ya kumrudisha mwandalizi ni kwamba mwingine amekwisha kutoa ilani ya mahali, siku na saa hiyo hiyo.

Watu huharibu kwa mambo madogo. Barua hupelekwa kwa chifu, au OCS hupigiwa simu na mambo yakaishia hapo. Chukua nakala mbili, moja ibaki kituoni, ya pili ipigwe muhuri. Afisa akikataa muhuri, andika jina lake, nambari yake ya kazi na saa, shahidi atie sahihi. Sheria haimtaki diwani kusindikiza barua hiyo, lakini barua iliyoletwa na diwani haipotei kirahisi mezani.

Akikamatwa mtu, saa ndizo zinazohesabiwa. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunauma: mtu hukaa ndani hadi Jumatatu na sheria haijavunjwa. Hapo diwani asisubiri hakimu. Kwa makosa mengi madogo mkuu wa kituo anaweza kutoa bondi, yaani ahadi ya kufika mahakamani, wikendi hiyo hiyo. Bondi hiyo hailipiwi. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, lazima itolewe risiti na pesa hurudishwa baadaye.

Diwani aende na wakili mmoja na jamaa mmoja. Akifika na umati ataambiwa anachochea, na mshukiwa atahamishiwa kituo kingine, labda ng'ambo ya maji. Aulize nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), saa ya kukamatwa, kosa, na jina la afisa anayeshughulikia faili. Asiombe hisani. Diwani anayewatoa wafuasi wake kwa kumbembeleza OCS, na kuwaacha wa mpinzani wake ndani, amegeuza haki kuwa mali yake ya kampeni.

Neno ugaidi nalo hufunga midomo hapa tangu shambulio la Mpeketoni la 2014. Hata kwa kosa hilo, kumshikilia mtu zaidi ya saa 24 kunahitaji amri ya mahakama. Familia ikizungushwa bila kuambiwa mtu wao yuko wapi, wakili aombe Mahakama Kuu, Garsen au Malindi, amri ya kumleta mtu huyo mbele ya jaji. Haki hiyo Kifungu cha 25 kimekataza isipunguzwe. Sambamba na hilo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha. Jibu hutakiwa ndani ya siku 21, lakini habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Ombi litaje hivyo waziwazi, la sivyo litawekwa kwenye foleni ya siku 21.

Kuna na maoni ya umma. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanywa kabla ya ripoti ya athari kukamilika, kwa hivyo watu waliulizwa kuhusu kitu wasichokiona. Kosa hilo hufanywa pia kwenye miswada ya kaunti. Mswada wa Kiingereza huletwa asubuhi ya mkutano, mkutano wenyewe uko Amu, yaani mjini Lamu, saa 3, na aliyeuitisha hakuangalia maji. Mtu wa Siyu hutegemea maji kujaa ndipo chombo kitoke, na wa Kiunga safari yake ni ndefu zaidi. Asiyekuwepo na lake halipo. Diwani adai muhtasari wa Kiswahili wiki mbili mbele, kikao katika kila wadi kati ya wadi zetu 10, na kumbukumbu za nani alisema nini. Orodha ya waliotia sahihi ili walipwe nauli isihesabiwe kuwa ni kukubali.

La mwisho, Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 imeweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, na bunge la kaunti hupendekeza wanachama wake wawili. Majina ya hao wawili yabandikwe katika kila ofisi ya wadi, na nambari zao za simu chini yake.

Msomaji,
Langoni, Lamu