Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Vyuo vya Mwanza Wanaoanza Somo la Takwimu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoingia mwaka wa kwanza katika vyuo vilivyoko Nyegezi, Butimba, Bugando na kwingineko mkoani kwetu, hasa ninyi mtakaofundishwa utangulizi wa takwimu ingawa hamkuchagua kusomea hisabati: wauguzi, walimu, wahasibu, maafisa uvuvi na watu wa maendeleo ya jamii. Nilifundisha hisabati kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona vijana wengi wenye akili wakilalamika kwamba takwimu ni ngumu, kumbe kilichowaangusha ni aljebra ya kidato cha kwanza na cha pili, waliyoiacha nyuma wakiamini kwamba hawatakutana nayo tena.

Chukueni sangara watano walionunuliwa pale Mwaloni Kirumba, wenye uzito wa kilo 2, 4, 6, 8 na 10. Wastani wao ni kilo 6, na hapo hakuna anayepotea. Mwalimu atawataka mtafute mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi uzito wa samaki hao unavyotawanyika kuuzunguka wastani. Mnatoa 6 katika kila uzito, mnapata hasi 4, hasi 2, 0, 2 na 4. Kila tofauti mnaizidisha kwa yenyewe, mnapata 16, 4, 0, 4 na 16, ambazo jumla yake ni 40. Kwa kuwa samaki hao ni sampuli tu ya waliomo sokoni, mnagawanya kwa 4 badala ya 5, mnapata 10, na kipeuo cha pili cha 10 ni karibu 3.16. Hizo ndizo kilo zenu.

Sasa mtazameni mwanafunzi anayebonyeza kikokotoo bila kuweka mabano. Anaandika hasi 4, kisha kipeo cha pili, na kwa kuwa vikokotoo vingi hushughulikia kipeo kabla ya alama ya hasi, anapewa hasi 16. Kwa hasi 2 anapewa hasi 4. Anapojumlisha zote anapata sifuri, na anaandika kwa mkono wake kwamba mchepuko sanifu ni sifuri, maana yake samaki wote watano wana uzito mmoja, ilhali mbele yake yuko wa kilo 2 na wa kilo 10. MAGAZIJUTO mliyoikariri shule ya msingi, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, haivitaji vipeo hata kidogo, na mwalimu wa chuo hatasimama kuwaeleza kwamba vipeo hufuata mara baada ya mabano. Atadhani mnajua. Nami nilidhani hivyo katika miaka yangu ya mwanzo, nikaanza takwimu siku ya kwanza bila kuwapima wanafunzi wangu, na najua kwamba kuna waliofeli kwa sababu ya haraka yangu.

Jambo la pili linalonisumbua ni kanuni ya ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu mtakaowahoji, ambayo wengi wenu mtainakili katika tafiti zenu za mwaka wa mwisho. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mnachukua 1.96, namba inayoambatana na kiwango hicho, na kuizidisha kwa yenyewe, mnazidisha kwa 0.5 mara mbili, kisha mnagawanya kwa kosa linalovumilika, yaani kiasi ambacho jibu lenu linaruhusiwa kuwa mbali na ukweli, lililozidishwa kwa lenyewe. Kosa likiwa asilimia 5, lazima muandike 0.05, wala si 5. Jibu ni 384.16, nanyi mtahoji watu 385, kwa sababu mkipunguza mtu mnakuwa mmevuka kosa mliloliruhusu. Nimesoma ripoti nyingi zenye hesabu hiyo. Lakini nilipowauliza waandishi wake itakuwaje wakitaka kosa lipungue hadi asilimia 2.5, karibu wote walijibu kwamba watahitaji watu mara mbili. Watahitaji mara nne, yaani watu 1,537, kwa kuwa kosa liko chini ya mstari wa sehemu na limepandishwa kipeo cha pili. Kijana aliyepanga kuvuka kwenda Ukerewe na nauli ya siku nne atajikuta anahitaji nauli ya siku kumi na sita.

Tazameni pia sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509, na mwaka 2022 watu 3,699,872. Ongezeko ni kama asilimia 33.4 kwa miaka kumi, na anayekimbilia kugawanya kwa kumi atasema watu wanaongezeka kwa asilimia 3.34 kila mwaka. Akijaribu kukuza idadi ya 2012 kwa kiwango hicho mwaka hadi mwaka, ataizidi idadi halisi ya 2022 kwa zaidi ya watu 150,000, kwa sababu walioongezeka mwaka huu nao wanaongezeka mwaka ujao. Njia sahihi ni kuandika mlinganyo wenye herufi moja isiyojulikana, kugawanya pande zote kwa idadi ya mwanzo, kisha kutafuta kipeuo cha kumi na kutoa 1. Jibu ni karibu asilimia 2.9.

Mlinganyo wa mstari mnyoofu na alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko mtazikuta pia, ila hizo zinarudi upesi kwa aliyewahi kuzijua. Msipoteze usiku wenu kwa milinganyo ya kipeo cha pili wala kutafuta vigawo vyake. Katika utangulizi wa takwimu hamtaihitaji sana. Shikeni namba hasi, mabano, sehemu na desimali, vipeo na vipeuo, na kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine, mpaka mkono usisite.

Kabla ya wiki ya kwanza ya masomo, kila mmoja wenu achukue karatasi na atafute mchepuko sanifu wa sampuli ya sato sita wenye gramu 300, 350, 400, 400, 450 na 500, akitumia kikokotoo kwa kipeuo cha mwisho tu. Jibu liko karibu na gramu 71. Atakayekwama aandike pembeni ni hatua ipi iliyomkwamisha, na karatasi hiyo hiyo aende nayo kwa mwalimu wake siku ya kwanza, kabla kipindi hakijaanza.

Mzee wenu,
Mkufunzi mstaafu wa hisabati,
Mwanza.