Kabla ya kung'oa jino, taja dawa unazotumia

Mhariri,

Daktari wa meno anapouliza "una ugonjwa wowote?", wengi hujibu hapana, hata anayemeza dawa ya presha kila asubuhi, kwa kuwa siku hiyo hajisikii mgonjwa. Jibu hilo ni la hatari.

Ninaowahofia zaidi ni waliowekewa valvu bandia ya moyo, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo. Jino linapong'olewa, bakteria wa kwenye ufizi huingia kwenye damu na wanaweza kung'ang'ania valvu. Ndiyo maana mtu mzima asiye na mzio wa penisilini kwa kawaida hupewa antibiotiki ya amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Wengi wao pia hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tafadhali usiiache kwa uamuzi wako: damu inaweza kuganda kwenye valvu na kuleta kiharusi. Pima INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa. Ikiwa chini ya 4, mara nyingi jino hung'olewa na kidonda hushonwa. Ile antibiotiki ya metronidazoli watu wanayojinunulia duka la dawa shavu likivimba huzidisha nguvu ya warfarini, na mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Aliyewahi kuchomwa sindano za asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, kwa saratani iliyofika kwenye mifupa naye aseme, hata kama ni miaka iliyopita. Mfupa wa taya unaweza kugoma kupona.

Njooni na pakiti zenyewe za dawa na daftari la kliniki. "Kidonge cheupe kidogo" hakimwambii daktari kitu.

Daktari wa meno,
Morogoro